MAKUMBUSHO KAMA CHANZO CHA HISTORIA: MFANO WA OLDUPAI

Ninaposahihisha mitihani ya majaribio, swali la makumbusho ndilo hunichosha mapema, kwa sababu majibu hufanana. Mtahiniwa anaandika kwamba makumbusho ni mahali panapohifadhiwa vitu vya kale, kwamba yanaleta watalii na fedha za kigeni, yanatoa ajira na kutunza utamaduni. Kisha anafunga jibu. Hebu futa neno "makumbusho" katika jibu hilo, uandike "mbuga ya wanyama", uone kama kuna kitakachoharibika. Hakuna. Msahihishaji analiona hilo, na ndiyo maana insha ya kurasa nne huweza kurudi ikiwa na chini ya nusu ya alama.

Swali la vyanzo vya historia halikuulizi kama makumbusho yana faida kwa uchumi. Linakuuliza jambo gumu zaidi: tunajuaje yale tunayosema tunayajua kuhusu watu ambao hawakuacha hata herufi moja? Katika somo hili tutalijibu kwa kutumia mahali pamoja tu, Makumbusho ya Bonde la Oldupai. Ukiuelewa vizuri mfano huu, utakufaa pia katika maswali ya chimbuko la binadamu, Zama za Mawe na njia za kukadiria umri wa mabaki. Ni afadhali ujue makumbusho ya mahali pamoja kwa undani kuliko kukariri majina kumi.

Mahali penyewe

Ukitoka Arusha kwa barabara ya kwenda Serengeti, unapanda kingo za Kreta ya Ngorongoro, unashuka upande wa pili hadi nyikani, kisha unafika njia panda yenye sanamu za mafuvu mawili makubwa ya zege, yaliyowekwa hapo mwaka 2019. Yakumbuke mafuvu hayo mawili, tutayarudia. Hapo unaiacha barabara kuu na kufuata njia ya makumbusho, ambayo yamejengwa ukingoni mwa bonde. Makumbusho ya awali yalianzishwa na Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2017.

Kuhusu jina, "oldupai" ni neno la Kimaasai la mmea wa jamii ya mkonge unaoota kwa wingi katika bonde hilo. Wageni wa mwanzo waliandika "Olduvai", na kosa hilo likaenea vitabuni. Utakutana na majina yote mawili. Chagua moja, usiyachanganye ndani ya jibu moja.

Bonde lina urefu wa kilomita 48 hivi, na kina chake hufika mita 90 hivi. Zamani hapakuwa na bonde. Palikuwa na ziwa, na milima ya volkano ya nyanda za Ngorongoro ilikuwa ikimwaga majivu mara kwa mara. Udongo, mchanga na majivu vililala tabaka juu ya tabaka kwa muda wa karibu miaka milioni mbili. Baadaye sana mto wa msimu ukapasua tabaka hizo kama kisu kinavyokata mkate, na sasa unaweza kusimama ukingoni ukaziona kwa macho. Tabaka la tatu kutoka chini ni jekundu, halikosewi. Wachimbaji wa kwanza walizipa tabaka namba kuanzia chini kwenda juu, na namba hizo zinatumika hadi leo.

Mwaka 1979 eneo la Ngorongoro liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa sababu ya maumbile yake. Mwaka 2010 likatambuliwa pia kwa urithi wa utamaduni, na sababu kubwa ni Oldupai na jirani yake Laetoli.

Kabati la mawe

Mgeni anayeingia makumbusho kwa haraka hupita kabati la zana za mawe bila kusimama. Anaona kokoto. Wewe simama, maana kokoto hizo ni maandishi ya mtu asiyejua kuandika.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: tunajuaje kwamba hili si jiwe lililovunjika lenyewe? Jiwe linaloporomoka mlimani huvunjika ovyo, popote. Jiwe lililogongwa na mkono wenye nia huwa na makovu yaliyopangana, moja karibu na jingine, kufuata ukingo mmoja, mpaka ukingo huo ukawa mkali. Kila kovu ni pigo moja. Mtaalamu anaweza kuhesabu mapigo, na mara nyingine anaweza hata kusema lipi lilitangulia.

Swali la pili: jiwe limetoka wapi? Zana nyingi za Oldupai ni za mwamba mgumu unaong'aa uitwao kwatzaiti, na mwamba huo unapatikana katika kilima cha Naibor Soit, kilomita chache kutoka sehemu ambako zana hizo zilichimbwa. Mawe hayatembei. Kama jiwe la Naibor Soit limekutwa mbali na Naibor Soit, katikati ya mifupa ya wanyama, kuna aliyelibeba. Na aliyelibeba alijua tangu kule kilimani kwamba atalihitaji. Ona tulivyofika mbali: tulianza na kokoto, sasa tunazungumza kuhusu akili inayopanga mambo kabla hayajatokea.

Swali la tatu: limekutwa pamoja na nini? Baadhi ya mifupa ya wanyama iliyochimbwa Oldupai ina mikwaruzo myembamba iliyoachwa na ukali wa jiwe. Meno ya fisi huacha alama za namna nyingine. Mikwaruzo hiyo inatuambia kwamba nyama ilikatwa, na kwamba zana zilitumika kuikata.

Mtindo wa zana nao unabadilika kadiri unavyopanda tabaka. Chini kabisa kuna zana sahili za utamaduni unaoitwa Oldowan, jina lililotokana na bonde hilihili: jiwe la mtoni lililogongwa mapigo machache, pamoja na vibanzi vikali vilivyoruka. Kuanzia kama miaka milioni 1.7 iliyopita yanaanza kuonekana mashoka ya mkono, yaliyochongwa pande zote mbili mpaka yakapata umbo la jani au la tone la maji. Shoka la mkono halitokei kwa bahati. Aliyelichonga alikuwa na picha ya kitu anachokitaka kabla hajagonga pigo la kwanza.

Huo ndio mwendo wa kufikiri ninaotaka uuzoee: kitu, mazingira kilimokutwa, hitimisho. Wanafunzi wengi huandika kitu kisha hukimbilia hitimisho. Alama nyingi zimekaa pale katikati, kwenye mazingira.

Daftari lililochomekwa

Kanuni ya tabaka ni rahisi. Fikiria rundo la madaftari mezani kwa mwalimu. Aliyekusanya wa kwanza daftari lake liko chini kabisa, wa mwisho liko juu. Ukitaka kujua nani aliwahi, angalia rundo. Vivyo hivyo kilichomo katika tabaka la chini ni cha zamani kuliko kilichomo katika tabaka la juu.

Sasa, shuleni kwenu hamkosi yule mwanafunzi anayechelewa, kisha anaingia ofisini kimyakimya na kuchomeka daftari lake katikati ya rundo ili aonekane aliwahi. Oldupai nako jambo hilo lilitokea. Mwaka 1913 mtafiti Mjerumani Hans Reck alichimba mifupa kamili ya binadamu kutoka tabaka la pili. Kwa kuwa tabaka hilo ni la kale mno, akaamini kwamba mtu huyo naye ni wa kale kama tabaka lenyewe. Mifupa ikapelekwa Ujerumani, na mabishano yakadumu kwa miaka. Hata Louis Leakey, aliyefika Oldupai mwaka 1931 akiwa pamoja na Reck, alikubaliana naye kwanza. Baadaye ikathibitika kwamba lile lilikuwa kaburi. Watu wa wakati wa karibu zaidi walichimba shimo wakamzika ndugu yao, na shimo likaingia ndani ya tabaka la zamani. Daftari lilichomekwa.

Mfano huu ni wa thamani kubwa kwako kwa sababu watahiniwa wengi hukwama wanapoulizwa udhaifu wa akiolojia. Wanaandika "ina gharama kubwa" na kunyamaza. Wewe unaweza kuandika kwamba mtafiti anaweza kukosea kuusoma uhusiano wa kitu na tabaka lake, na ukatoa mfano wenye mwaka, mahali na jina.

Fuvu lililobadilisha maelezo yake

Tarehe 17 Julai 1959, Louis Leakey alibaki kambini akiumwa, na mkewe Mary akatoka kukagua miteremko. Akaona mfupa na meno vikichungulia kwenye udongo. Ulikuwa mwanzo wa fuvu lililopatikana katika mamia ya vipande, ambalo dunia ililijua kwa jina la Zinjanthropus. Sehemu ya "Zinj" ni jina la kale ambalo Waarabu waliita pwani ya Afrika Mashariki.

Ukilitazama fuvu hilo, au nakala yake, angalia mambo mawili. Magego ni makubwa kupita kiasi, na juu ya utosi kuna ukingo wa mfupa uliosimama kama shungi. Ukingo huo ulishikilia misuli ya taya. Huyu alikuwa mtafunaji hodari.

Fuvu lilikutwa kwenye sakafu moja na zana za Oldowan na mifupa ya wanyama. Hitimisho lilionekana wazi: Zinjanthropus ndiye aliyezitengeneza. Louis Leakey alilitangaza hivyo, na kwa muda mfupi ndivyo ilivyofundishwa. Lakini mwaka 1960, jirani tu na hapo, yakapatikana mabaki mengine: taya, mifupa ya mkono na vipande vya fuvu vya kiumbe mwenye meno madogo zaidi na ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier wakampa jina la Homo habilis, yaani mtu stadi wa kazi za mikono. Ufundi wa zana ukahamishiwa kwake. Zinjanthropus, ambaye wataalamu wengi sasa humweka katika kundi la Paranthropus, akabaki kuwa jirani aliyeishi hapo wakati uleule.

Sasa unajua kwa nini mafuvu ya njia panda ni mawili. Moja ni la Zinjanthropus, jingine la Homo habilis.

Na habari haikuishia hapo. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba huko Nyayanga, karibu na Ziwa Viktoria upande wa Kenya, meno ya Paranthropus yalikutwa mahali pamoja na zana za Oldowan zenye umri wa miaka zaidi ya milioni 2.5. Hayo hayathibitishi kwamba Paranthropus ndiye aliyezichonga, ila yanafanya iwe vigumu kumwondoa kabisa katika orodha ya mafundi.

Wewe mtahiniwa ufanye nini? Andika kwamba zana za Oldowan huhusishwa zaidi na Homo habilis. Neno "huhusishwa" si la woga. Ndilo neno sahihi, kwa sababu hakuna aliyemwona fundi akiwa na jiwe mkononi. Usiandike kamwe kwamba Zinjanthropus alikuwa babu yetu wa moja kwa moja. Kosa hilo nimelisahihisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mawe na mafuvu yenyewe hayajabadilika tangu 1959. Kilichobadilika ni maelezo yanayoandikwa chini yake. Ukisimama mbele ya kabati lolote la makumbusho, tenganisha vitu viwili: kilichochimbwa, na lebo. Kilichochimbwa ni ushahidi. Lebo ni maoni ya wataalamu wa siku ile ilipoandikwa.

Kaboni 14 haifiki huku

Nisimame hapa kidogo kwa sababu ya alama zinazopotea bure. Watahiniwa wengi huandika kwamba umri wa Zinjanthropus ulipatikana kwa njia ya kaboni 14. Haiwezekani. Kaboni 14 hupungua kwa nusu katika kila miaka 5,730 hivi, na baada ya miaka kama 50,000 inayobaki ni kidogo mno kupimika. Kwa mifupa ya mamilioni ya miaka njia hiyo haina msaada.

Kilichopimwa ni majivu ya volkano, wala si mfupa wenyewe. Majivu yana madini ya potasiamu, ambayo sehemu yake ndogo hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Wakipima agoni iliyokusanyika wanajua majivu yalimwagika lini, na kitu kilichokutwa karibu na majivu hayo kinapata umri wake kutoka hapo. Kabla ya kipimo hicho Leakey alikadiria kwamba fuvu lina miaka 600,000. Mwaka 1961 majibu ya maabara yakatoa miaka milioni 1.75. Hebu fikiria: makadirio ya mtaalamu aliyefanya kazi pale kwa miaka mingi yalipungua kwa zaidi ya miaka milioni moja.

"Mwalimu, tumekuja kuona plasta?"

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi Oldupai. Tulikuwa tumechanga fedha za basi tangu Januari. Mmoja wao alipoambiwa kwamba fuvu lililo mbele yake ni nakala, alinigeukia akasema: "Mwalimu, tumekuja kuona plasta?" Wenzake walicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko maswali yangu yote ya siku ile.

Fuvu halisi la Zinjanthropus liko Dar es Salaam, katika hazina ya Makumbusho ya Taifa. Baada ya kuchimbwa lilikaa Nairobi hadi mwaka 1965, liliporejeshwa Tanzania. Linatunzwa kwenye chumba maalumu kwa sababu ni moja tu duniani. Mfupa uliokaa ardhini karibu miaka milioni mbili unaweza kupasuka kwa joto, kwa unyevu au kwa kushikwashikwa. Nakala ikivunjika inatengenezwa nyingine.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba nakala nzuri ina kila kovu na kila ufa wa kitu halisi, na kwa kujifunzia umbo inatosha. Isichoweza kutoa ni umri, wala kemia ya jino, wala jibu la swali ambalo bado halijaulizwa. Watafiti wa kesho watahitaji kitu halisi. Makumbusho yana kazi mbili zinazovutana: kuonesha na kutunza. Ukilionesha sana linachakaa, ukilificha sana linasahaulika. Nakala ni maafikiano kati ya hayo mawili.

Nyayo zilizozikwa upya

Mvutano huo unaonekana zaidi Laetoli, kilomita 45 hivi kusini mwa Oldupai. Zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua nyepesi ikayalowesha, wanyama wakapita, na viumbe wa jamii ya binadamu wakapita pia. Majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji, na majivu mengine yakafunika. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey liligundua njia ya nyayo yenye urefu wa karibu mita 27. Kidole gumba cha mguu kimelala sambamba na vingine, hakikujitenga kama cha sokwe, na kisigino kimezama kama chako unapotembea kwenye tope.

Laetoli hapajapatikana zana za mawe za umri huo. Hapo ndipo unapata hoja yenye uzito kwa swali la mabadiliko ya binadamu: kwa ushahidi tulionao, kutembea wima kulitangulia utengenezaji wa zana za mawe kwa muda mrefu sana.

Nyayo hizo hazionekani leo. Baada ya uchunguzi zilifunikwa kwa mchanga ili zisiharibiwe na mvua, jua na miguu ya watu na mifugo. Lakini mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga, mbegu zikaota, na mizizi ikaanza kuzitishia nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na taasisi ya Getty ya Marekani walifunua sehemu yake, wakaondoa mizizi, wakafunika tena kwa tabaka za mchanga na vitambaa maalumu, na juu wakapanga mawe. Mwaka 2011 sehemu ndogo ilifunuliwa kwa muda, ikafunikwa tena. Mgeni wa makumbusho ya Oldupai anaona nakala ya nyayo hizo.

Kumekuwa na wazo la kujenga makumbusho palepale Laetoli ili nyayo zionekane. Katika kuchimba mashimo ya majaribio kwa ajili ya mpango huo, watafiti wa Kitanzania wakiongozwa na Fidelis Masao walikuta nyayo nyingine zisizojulikana kabla, ambazo zilitangazwa mwaka 2016. Mimi naona nyayo zibaki chini mpaka tuwe na uhakika wa kuzilinda, maana zikiharibika hazina mbadala. Hata hivyo nakiri kwamba hoja ya upande wa pili ina nguvu. Mtoto wa Endulen, anayechunga ng'ombe jirani na nyayo maarufu kuliko zote duniani, hajawahi kuziona. Wewe unaweza kushika upande wowote, mradi utoe sababu.

Kuandika jibu

Swali la kawaida huwa hivi: kwa kutumia mifano, eleza umuhimu na upungufu wa makumbusho kama chanzo cha historia. Linganisha aya hizi mbili.

Aya ya kwanza: "Makumbusho ni muhimu kwa sababu yanatunza vitu vya kale kama zana za mawe na mafuvu. Vitu hivyo vinatusaidia kujua historia ya watu wa kale waliishije."

Aya ya pili: "Makumbusho hutunza ushahidi unaoweza kuchunguzwa upya pale maarifa yanapobadilika. Kwa mfano, zana za Oldowan zilizokutwa Oldupai mwaka 1959 zilidhaniwa kuwa za Zinjanthropus. Baada ya mabaki ya Homo habilis kupatikana mwaka 1960 na kutangazwa mwaka 1964, zana hizohizo zilihusishwa na Homo habilis. Kama zisingetunzwa pamoja na kumbukumbu za tabaka zilimokutwa, masahihisho hayo yasingewezekana."

Aya ya pili ina hoja, mfano, mwaka na sababu. Haikuhitaji maneno makubwa. Aya tano za namna hiyo zinatosha.

Kwa upande wa upungufu, kumbuka kwamba vitu havina sauti. Zana ya jiwe haisemi fundi aliongea lugha gani, aliogopa nini wala alimwita mwanawe nani. Mbao, ngozi na majani huoza, kwa hiyo kabati limejaa mawe na mifupa, na mgeni anaweza kudhani watu wa kale hawakuwa na kitu kingine. Lebo hubeba maoni ya aliyeiandika. Baadhi ya mabaki yalichukuliwa nje ya nchi kabla hatujawa na sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964, kama ilivyokuwa kwa mifupa ya Reck. Na kwa wengi wenu Oldupai ni mbali na nauli ni kubwa. Hilo nalo ni upungufu, unaweza kuliandika, ila lisiwe la kwanza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini njia ya kaboni 14 haifai kukadiria umri wa fuvu la Zinjanthropus? Eleza njia iliyotumika na kitu kilichopimwa.

2. "Kilicho chini ni cha zamani kuliko kilicho juu." Kwa kutumia mfano wa mifupa iliyochimbwa na Hans Reck mwaka 1913, onesha ni wakati gani kanuni hii inaweza kumpotosha mtafiti.

3. Mwanafunzi mwenzako amesema nakala ya fuvu haina maana yoyote katika makumbusho. Mjibu kwa hoja tatu, kisha taja jambo moja ambalo yuko sahihi.

4. Nyayo za Laetoli zifunuliwe ili wananchi wazione, au zibaki zimefunikwa? Chagua upande mmoja na uutetee kwa hoja tano. Katika aya ya mwisho, jibu hoja iliyo nzito kuliko zote ya upande wa pili.

5. Tafuta nyumbani kwenu au kwa jirani kitu kimoja cha zamani: jembe, kinu, chungu, redio mbovu. Kiandikie lebo ya mistari mitano. Kisha mpe mwenzako asome aseme ni sentensi ipi inaeleza kilichopo, na ipi ni hitimisho lako.